Shayiri ya Nzula na Maji ya Kitengela

Nzula hakuweza kumtazama mtu akifanya kazi bila kuona kwamba yeye angeifanya vizuri zaidi, na ubaya wa jambo hili ni kwamba mara nyingi ilikuwa kweli. Alizaliwa Mbooni, akasomea kilimo, kisha akaajiriwa katika shamba moja la maua huko Isinya, ambako kwa miaka mingi amekuwa msimamizi wa maji na mbolea. Hakuna tone linaloingia kwenye mizizi ya waridi kabla yeye hajalipima. Vijana wa pampu humwita Madam Maji akiwa hayupo. Akiwapo humwita Madam tu, tena kwa sauti ya chini.

Mumewe, Ouko, ni mkaguzi wa hesabu katika kampuni ya bima Nairobi, na ni Msabato wa kweli kweli. Hanywi pombe, hanywi kahawa, na hata chai ya majani huitazama kwa mashaka. Walijenga Kitengela wakati ule ambapo kila mwenye mshahara alikuwa anajenga Kitengela, wakashirikiana na majirani kuchimba kisima kirefu, na binti yao Whitney akazaliwa hapo. Maji ya kisima hicho yalikuwa ya kufulia na kuoshea vyombo tu. Ya kunywa walinunua kwenye duka la maji yaliyochujwa karibu na geti, kama watu wote wa Kitengela, kwa sababu ya kisima yana chumvi na ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Nzula alijua hivyo. Kila mtu alijua hivyo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu Nzula mwenyewe hakulishika.

Mkosi ulianzia kazini. Meneja mmoja Mzungu alikuwa anaaga shamba, akaleta bia aliyoipika kwake nyumbani, akawaonjesha wafanyakazi wa ofisi. Wengine walisema asante. Nzula alionja, kisha akasema, "Hata mimi naweza." Yule Mzungu, kwa furaha ya mtu anayeondoka na ambaye hatakuwepo matokeo yakija, akamweleza kila kitu. Wavivu, alisema, hununua kimea kilichokwisha kuyeyushwa, kizito kama asali, kikiwa ndani ya mkebe. Mpishi wa kweli huanza na nafaka. Unachukua shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, unaivunjavunja, unailoweka katika maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari. Unayachuja yale maji matamu, unayachemsha na maua machungu yanayoitwa hopsi, unayapoza, unatia hamira. Hamira inakula sukari na kutoa pombe. Kwa maneno hivi, hata mtoto anaweza.

Nzula aliagiza shayiri, hopsi, hamira, ndoo kubwa yenye mfuniko wa kubana, na kile kipimo cha kioo kinachoelea ambacho hukuonyesha kuna sukari kiasi gani katika maji yako. Akapika Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kwa sababu Jumamosi Ouko hakutaka kusikia hata sufuria ikigongwa. Akachuja, akatia kipimo. Kipimo kikazama karibu chote. Sukari aliyoipata ilikuwa nusu tu ya ile iliyopaswa kutoka kwenye nafaka yake. Alikitoa kipimo, akakipangusa, akakirudisha. Kikazama tena, bila aibu yoyote.

Ndipo alipojiunga na kikundi chetu.

Sisi ni watu wa Kitengela, Kiserian, Matasia na kwingineko Kajiado tunaopika bia nyumbani kwa ajili ya matumbo yetu wenyewe, na tuko na kikundi cha WhatsApp ambamo hakuna swali lililowahi kukosa jibu. Mimi ni mwanachama wa zamani. Bia yangu ina harufu ya soksi, lakini ushauri wangu ni mzuri sana. Kiongozi wetu ni Githongo, mzee wa makamo mwenye shamba la kupendeza pale Matasia, aliyeishi Ujerumani miaka mingi na ambaye hawezi kusema "habari za asubuhi" bila kueleza Wajerumani huisemaje. Bia yake ilikuwa safi, ya dhahabu, na haikuwahi kuharibika hata mara moja. Kwa hiyo tulimheshimu.

Nzula aliuliza kwa adabu kwa nini nafaka yake haitoi sukari ya kutosha, akiwa hajui kwamba ukishauliza swali kama hilo, hutalala. Mmoja alisema shayiri haijavunjwa vizuri, aipeleke kwenye mashine ya posho. Akaipeleka. Mwenye mashine, aliyezoea mahindi, akamsagia unga laini wa kupendeza, na Jumapili ile Nzula akapata sufuria nzima ya uji usiochujika, ambao Whitney aliukubali ukiwa na maziwa. Mwingine akasema ilisagwa mno, avunje kwa chupa. Akavunja kwa chupa mpaka mabega yakauma. Mwingine akasema kipimajoto chake kinadanganya, akanunua kingine, nacho kikasema vilevile kama kile cha kwanza. Mwingine akamwambia aloweke muda mrefu zaidi, mwingine aloweke muda mfupi, na hawa wawili wakagombana wao kwa wao hadi jioni. Mimi nilimshauri achukue tone la yale maji, alitilie iodini ya duka la dawa, aone kama litageuka jeusi. Lilikuwa jeusi kama wino. Maana yake wanga ulikuwa bado ni wanga, haujageuka. Nasema bila kujisifu kwamba huu ndio uliokuwa ushauri pekee wa maana, ingawa ulimwambia tu kitu alichokuwa anakijua tayari.

Githongo alisubiri wote wamalize. Kisha akaandika kwamba tatizo ni moyo. Wajerumani, alisema, hawapiki kwa haraka.

Ouko naye, ambaye hajawahi kulamba tone la pombe maishani, alikuwa amekwisha kusoma kuhusu bia kuliko sisi wote. Alisoma kwenye gari la kampuni akienda kazini, akasoma akirudi. Akifika nyumbani, kabla hajavua tai, angesimama mlangoni pa stoo na kutoa taarifa. Alianza kusema "sisi". Nafaka yetu. Sukari yetu. Hasara yetu, hasa, kwa kuwa mkaguzi haoni kingine. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama nafaka inatoa nusu, weka nafaka mara mbili. Nzula alimwambia kwamba huko ni kufunika tatizo, si kulitatua. Ouko akamjibu kwamba kampuni nyingi kubwa zimeishi hivyo na wakurugenzi wao wamestaafu salama. Nzula akaongeza nafaka.

Aliyefaidi ni ng'ombe. Machicha ya shayiri Nzula alimpa jirani yake, Mama Nalangu, mjane wa Kimaasai mwenye ng'ombe wawili na banda la kuku wa nyama. Kwa kuwa nusu ya utamu wa nafaka ilikuwa imebaki kwenye machicha, ng'ombe hao walinawiri hadi wapita njia wakawa wanasimama. Maziwa yaliongezeka. Mama Nalangu alimwombea Nzula baraka kila walipokutana kwenye ua, na kumhimiza aendelee na kazi hiyo nzuri, asikate tamaa.

Ulipoingia Julai, ilizuka shida ya pili. Kitengela wakati huo ni baridi ya kutoboa. Upepo unatoka nyikani na kuingia nyumbani bila kubisha. Nzula alikuwa ameweka ndoo yake kwenye vigae vya stoo, hamira ikiwa ndani, akisubiri ile milio ya hewa inayotoka kwenye kipaipu cha mfuniko, blupu, blupu, ambayo ndiyo dalili kwamba hamira inakula. Kulikuwa kimya. Siku zikapita, kimya. Ouko alipiga magoti, akatega sikio kwenye ndoo kama daktari, akainuka na kusema kwa huzuni kwamba hamira imelala.

Kikundi kilifurahi sana, kwa maana lilikuwa swali jipya. Tikisa ndoo. Usitikise ndoo. Ongeza sukari. Ongeza hamira ya mkate. Hamira ni ya zamani, ilipigwa na jua njiani. Githongo alisema Wajerumani huiimbia, na hadi leo sijui kama alikuwa anatania.

Nzula aliifunga ndoo kwa blanketi, na blanketi likawa baridi pia. Ndipo alipokumbuka mahali pekee pa joto katika mtaa mzima. Mama Nalangu alikuwa ameleta vifaranga, na banda lake lilikuwa na taa za joto na jiko la makaa usiku na mchana. Alimkuta anawamwagia chakula. Wakaamkiana kwa Kimaasai, takwenya, iko, wakaulizana habari za watoto, kisha Nzula akaeleza shida yake bila kuficha: ni pombe, ni yake, inahisi baridi. Mama Nalangu aliwatazama vifaranga wake.

"Haitamwagikia watoto wangu?" akauliza.

"Imefungwa, Mama. Hata ukiilaza."

"Basi ilete. Ilimradi hainywi maji yao."

Ikapelekwa, ikawekwa katikati ya vifaranga, nao wakaizunguka na kuiegemea kama mama yao. Kesho yake ilikuwa inalia blupu blupu kwa kasi ya kutisha. Tatizo ni kwamba vifaranga wadogo wanataka joto kali kuliko hamira ya bia. Pombe ile ilipoiva ilinuka rangi ya kucha, na mimi niliyeionja niliumwa kichwa upande mmoja hadi kesho yake jioni. Lakini Nzula hakuwa mtu wa kurudia kosa. Aligundua kwamba vifaranga wakikua, Mama Nalangu hupunguza joto. Wakishaota manyoya, banda linakuwa vuguvugu tu, sawasawa na hamira inavyotaka. Kuanzia hapo alipika kwa kalenda ya kuku. Alikuwa akimuuliza jirani yake umri wa vifaranga kwa upendo ambao shangazi zao wenyewe, kama kuku wana shangazi, hawangeuonyesha.

Hivyo tatizo moja likaisha. Bia ikachachuka vizuri, kwa wakati, na ikawa nzuri sana, kwa mtu anayependa maji yaliyopitishwa karibu na bia. Ilikuwa nyepesi na ilikuwa na ukakasi mdomoni, kama chai iliyosahauliwa kwenye birika. Tulipokutana na kuonja bia za wenzetu, tuliizoea ya Nzula kama ya kusukutua kinywa kati ya bia moja na nyingine. Githongo aliibatiza "sharubati ya Mama Whitney", na sote tukacheka. Nzula alicheka pia. Nilimwona alivyocheka. Midomo ilicheka, lakini macho yalikuwa yanahesabu nani na nani.

Kilichomfungua macho kilitokea shambani Isinya, na alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa na hasira na nafsi yake. Asubuhi moja aliingia kwenye nyumba moja ya plastiki akakuta majani ya waridi yameanza kuwa manjano katikati ya mishipa. Alijua papo hapo. Alimtafuta Kimeu, fundi wa pampu, kijana mtaratibu kutoka Machakos, akagundua kwamba pampu ya kutia asidi kwenye maji ilikuwa imekufa wiki nzima na Kimeu alikuwa ameendelea kumwagilia kwa maji ya kisima yalivyo. Kimeu alijitetea kwamba mbolea alikuwa ametia ya kutosha, tena ameongeza.

Nzula alisimama mbele yake, na wafanyakazi waliokuwa karibu wakaanza kusogea mbali kidogo kidogo.

"Kimeu," akasema, "hii ni maji ya kisima. Hii ni mawe iliyeyuka. Lazima uivunje makali kwanza, kama hujaivunja, hata ukiweka mbolea ya Kenya mzima, mmea haupati kitu. Chakula iko, lakini mlango imefungwa. Unaongeza, unaongeza, na unashangaa mbona hakuna..."



Kimeu alisubiri sehemu iliyobaki, kwa sababu aliyajua makaripio ya Madam na kwa kawaida huwa yana sehemu tatu. Haikuja. Nzula alikuwa anatazama mpira wa maji kana kwamba ndio kwanza ameuona maishani. Mwishowe Kimeu akauliza kama yuko sawa, kama amletee kiti. Nzula akamwambia atengeneze pampu, akaenda ofisini, akafunga mlango. Kimeu aliwaambia wenzake kwamba bila shaka Madam amefiwa.

Hakuwa amefiwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake akifikiria mwaka mzima na ushei wa Jumapili. Alikuwa amebadilisha mashine, kipimajoto, muda, ndoo na aina ya shayiri. Alikuwa ameacha bia yake ilelewe na kuku. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa, nacho ni kile ambacho analipwa mshahara kukigusa kila siku. Alipikia maji ya kisima yanayotoka bombani, kwa sababu yatachemka tu. Yeye, Madam Maji. Na nafaka haitofautiani sana na waridi: shayiri inayolowekwa katika maji makali kama yale haiwezi kugeuza wanga wake vizuri, na badala ya sukari inatoa ule ukakasi wa maganda.

Jioni aliazima shambani kipimo cha asidi, akapima maji ya nyumbani, akatazama namba, akakizima kipimo. Ouko alimuuliza ni nini. Akamwambia ni kazi ya ofisi. Hakuwa na nguvu za kusikia "sisi" usiku huo.

Asidi ya shambani hakuigusa, kwa sababu ile ni ya maua, si ya matumbo. Alichofanya kilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Alikwenda kwenye duka la maji karibu na geti, akajaza mitungi, akachanganya na kiasi kidogo cha maji ya kisima, akakamua ndimu. Nafaka aliweka kipimo kilekile cha mara mbili alichokuwa amezoea kwa ushauri wa mkaguzi wake. Alitaka kubadilisha kitu kimoja tu, ili ajue. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yake. Aliloweka, akatia iodini kwenye tone. Tone likabaki na rangi yake ya kahawia, halikuwa jeusi. Akachuja. Akatia kipimo cha kioo, na safari hii kilisimama wima juu ya maji kama mtu aliyekataa kuingia.

Uthibitisho wa pili ulikuja kwa miguu yake. Mama Nalangu alifika mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyekosewa. Baada ya salamu ndefu alisema kwamba haelewi Nzula amekasirikia nini ng'ombe wake. Machicha ya siku hizi hayana kitu, ni maganda matupu, maziwa yamerudi yalikokuwa, na kama kuna jambo ambalo yeye kama jirani amelikosea, aambiwe. Nzula alimshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa habari hiyo. Mama Nalangu alirudi kwake amechanganyikiwa zaidi.

Mkutano wetu mkubwa wa mwaka ulikuwa Sikukuu ya Mashujaa, kwa Githongo kule Matasia. Siku mbili kabla, Nzula aliandika kwenye kikundi kwamba bia yake ya safari hii iko na nguvu, watu wanywe taratibu. Tulimjibu kwa nyuso za kucheka, ukurasa mzima. Mimi nilituma nyuso tatu. Nilikuja kuzijutia.

Siku ilikuwa nzuri, jua la Oktoba, mbuzi wawili juu ya makaa. Ouko alikuja kama dereva wa mkewe, akakaa chini ya hema na soda yake, akimweleza kila aliyepita jinsi hamira inavyofanya kazi. Tuliionja bia ya huyu, tukasukutua kwa ya Nzula. Tukaonja ya yule, tukasukutua kwa ya Nzula. Ilikuwa laini, haina ukakasi, inateleza. Mtu mmoja alisema sharubati ya mwaka huu imemtoka vizuri, akajaza kikombe kikubwa cha bati. Nzula aliwakumbusha mara moja tena kwamba ina nguvu. Githongo akamwambia, kwa upole wa mkubwa kwa mdogo, kwamba Wajerumani wangeiita hii bia ya watoto, akanywa kikombe chake hadi chini, akaongeza.

Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba tulianza kupendana sana. Mtu wa Kiserian aliyekuwa amenikatalia mbegu za hopsi alinikumbatia akaniita ndugu. Kisha wengine wakakaa kwenye nyasi bila kupanga. Na ndipo Githongo aliposimama kutoa hotuba yake ya kila mwaka kuhusu namna ya kutoa sukari yote kwenye nafaka.

Nzula alikuwa ameisubiri hotuba hiyo. Alikuwa na ya kwake tayari. Aliniambia baadaye kwamba aliipanga kwa wiki nzima akiendesha gari kwenda Isinya, yote kuhusu maji, na ilikuwa na mahali pazuri ambapo angenyamaza kidogo kisha atamke neno "sharubati".

Githongo alianza vizuri. Alisema Wajerumani. Akasema tena Wajerumani. Halafu akakatiza, akawatazama wale mbuzi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mimi sijawahi kupika nafaka," akasema. "Hata siku moja. Yangu ni ya mkebe."

Hatukuelewa. Akaeleza taratibu, akijifuta kwa mkono wa shati. Huko Ujerumani alifanya kazi ya kiwanda cha bia, ndiyo, lakini uani, akipakia kreti za chupa tupu kwenye malori. Ndani hakuwahi kuingia. Aliporudi, watu walisikia neno kiwanda wakaanza kumuuliza maswali, naye hakupata mahali pa kukatiza. Kila mwezi aliagiza mikebe ya kimea kilichokwisha kuyeyushwa, akakiongezea maji, akatia hamira, basi. Ndiyo maana haikuharibika kamwe. Mkebe hauna cha kuharibika.

Kila mtu alikuwa anafikiria miaka yake. Kisha aliyekaa kando yangu akainama na kumuuliza Githongo kwa sauti ya chini hiyo mikebe anaitoa wapi. Wengine wawili wakasogea ili wasikie.

Nzula alibaki amesimama na hotuba yake. Alikuwa na hasira, na si kwa sababu alidanganywa. Alikuwa na hasira kwa sababu mtu analia, na mtu akilia huwezi kumwambia kitu. Ushindi wake wote ulikuwa umekaa pale kwenye kiti cha plastiki, unapenga kamasi. Alizunguka meza, akamletea maji ya kunywa na kipande cha nyama, akakaa kando yake. Mzee akamuuliza, huku akitazama chini, ile bia yake imekuwaje hivi. Na Nzula, badala ya ile hotuba, akamweleza tu. Kisima, chumvi, ndimu, duka la maji. Alimaliza kwa maneno machache sana. Githongo alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtoto darasani.

Sote tulirudishwa makwetu na Ouko, safari baada ya safari, kwa sababu katika watu wazima wote wa mkutano ule ni yeye peke yake aliyeweza kutofautisha barabara na mtaro. Hakutulaumu. Alitusomea tu kutoka Mithali, bila kufungua kitabu, kutoka Matasia hadi Kitengela, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kushuka.

Kesho yake, jua likiwa limepanda na vichwa vyetu vikiwa havijapona, ujumbe mrefu uliingia kwenye kikundi. Ulikuwa wa Githongo. Alieleza kwa mafungu na mafungu kwamba shida kubwa ya wapishi wa Kajiado ni maji. Kwamba maji ya visima yanazuia nafaka kutoa sukari. Kwamba mtu achanganye na maji yaliyochujwa na kukamua ndimu. Wajerumani, alimalizia, wanalijua jambo hili tangu zamani. Watu wakamshukuru. Mmoja aliandika kwamba hii ndiyo faida ya kuwa na viongozi waliotembea. Hakuna aliyetaja mkebe. Nadhani wengi kweli walikuwa wamesahau, na waliokumbuka walikuwa wameshaagiza.

Nzula alinionyesha simu yake. Alikuwa ameandika jibu refu, kali, zuri, kisha akalifuta lote. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hakuna anayekosa sukari tena, kwa hivyo tatizo limeisha. Sikumwamini, na sidhani alijiamini.

Lakini kabla ya Krismasi Githongo alimpigia simu, hakuandika kwenye kikundi, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu kama anaweza kuja Jumapili moja. Alikuja Kitengela amevaa kofia yake, amebeba gunia dogo la shayiri mikononi kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kuazima sufuria. Ouko alimkaribisha kwa heshima zote, akamweleza kanuni za wanga hadi Nzula alipomtuma sokoni.

Nzula alimpa mzee mwiko mkubwa, akamsimamisha mbele ya sufuria, akamwonyesha kipimajoto, akamwambia asimwage na asiongee. Mvuke wa shayiri ulipanda, ule wa harufu ya mkate mtamu, na Githongo akavua miwani kuifuta. Alikoroga. Alikoroga kwa uangalifu mkubwa, akizungusha upande mmoja, akiogopa hata kubadilisha mkono. Baada ya muda akauliza, bila kuinua macho, akoroge mpaka lini.

"Mpaka nikuambie," Nzula akasema, akaenda kuanika nguo.